Maji Yatapita Wapi? Nyumba ya Unguja na Kiwanja Chenye Mteremko

Mgeni aliyekaa wiki moja Mji Mkongwe atakwambia Unguja ni tambarare, na hakosei sana. Mji umekaa juu ya rasi iliyo karibu kulingana na bahari, na mgongo wa Masingini, ambao ndio mlima wetu, haufiki hata mita 150. Mtu wa Usambara akitusikia tunasema "kule mlimani" hucheka. Lakini hebu zisome mitaa kwa majina yake: Kilimani. Kilimahewa. Kikwajuni Juu. Ziwani. Mtoni. Kisiwandui. Na ukitoka mjini kwa njia ya Fuoni, Kibonde Mzungu. Waliotoa majina haya hawakuwa na ramani wala vyombo vya kupimia. Walikuwa na miguu, na walikuwa na mvua za masika. Kila jina linakwambia maji yalikaa wapi na watu walikaa wapi.

Historia ya nyumba ya Kizanzibari imeandikwa sana kwa upande wa milango iliyochongwa. Mlango wa Kihindi, mlango wa Kiarabu, misumari ya shaba, nakshi ya yungiyungi. Sina ugomvi na milango. Ila mlango humwambia mpita njia mwenye nyumba ni nani, na hausemi nyumba imekaaje juu ya ardhi. Kwa hilo inabidi uangalie chini: ngazi ngapi kufika kizingitini, baraza ina kimo gani upande huu na upande ule, choo kiko wapi, kisima kiko wapi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Upande wa mashariki wa rasi ulikuwa na mkono wa bahari, Pwani Ndogo, ulioingia kutokea Funguni. Maji makuu yakijaa, Mji ulibaki kidogo tu uwe kisiwa. Ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo, na pale palipovukiwa pakaitwa Darajani, jina ambalo limebaki ingawa daraja lenyewe halipo. Kuifukia Pwani Ndogo kulichukua miongo mingi, kipande kwa kipande, na sehemu ya mwisho ilifukiwa mwaka 1957. Leo mtu ananunua ndizi pale bila kujua kwamba amesimama juu ya bahari ya zamani. Bahari, lakini, haijasahau. Bamvua likiwa kubwa, viwanja vya Mnazi Mmoja huingia maji.

Kwa hiyo hata Mji wa mawe, pamoja na utambarare wake, una juu na una chini. Anayejenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawezi kulipuuza hilo, kwa sababu chokaa na maji yaliyotuama ni maadui. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Ndiyo sababu ya kizingiti kirefu unachokivuka kuingia nyumba yoyote ya zamani. Ndiyo sababu pia ya baraza, ambayo tumezoea kuisifu kama mahali pa kahawa na bao na siasa. Ni kweli. Ila kabla ya kuwa kijiwe, baraza ni jiwe la msingi lililotoka nje. Inailinda nyayo ya ukuta isipigwe na maji ya njiani, na inasawazisha nyumba na njia isiyo sawa. Katika kichochoro chenye mwinamo utaiona baraza moja inaanza kwa kimo cha goti na kuishia kwa kimo cha kiuno, juu yake ikiwa imenyooka kama maji kwenye beseni. Na masika yakishusha mto katikati ya njia, watu huacha njia wakatembea barazani.

Kaskazini ya pwani yetu wazo hili lilifika mbali zaidi. Mji wa Lamu umekaa juu ya mteremko unaoshuka baharini, na nyumba zake za mawe za karne ya 18 zimefanya kupanda kuwa adabu. Unaingia kwa daka, unapita tekani, unafika kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana, kisha ndani, na kila hatua sakafu inainuka kidogo kuliko ile uliyoiacha. Mgeni hubaki chini, mwenye nyumba hupanda, na chumba cha faragha kabisa ndicho kilicho juu kuliko vyote. James de Vere Allen na Linda Donley wameandika kwa kirefu kuhusu maana ya mpangilio huu: usafi, heshima, wanawake, kuzaliwa na kufa. Mimi huongeza jambo moja la kifundi. Sakafu ikipanda kuelekea ndani, maji ya kuoshea hutoka nje yenyewe. Hakuna anayehitaji kuyasukuma.

Nyumba ya Kiomani ya Unguja ilifanya vingine. Yenyewe ilipanda kwa ghorofa. Chini ghala na watumishi, juu familia, katikati uwazi wa kuleta hewa na mwanga. Mwenye nyumba aliukimbia unyevu kwa kwenda juu, akamwachia unyevu huo mtu wa chini. Huo nao ni mpango wa mteremko, ila mteremko wa watu.

Sasa choo na kisima. Ndani ya rasi ile nyembamba kila nyumba yenye uwezo ilichimba kisima chake na shimo lake la choo, vyote viwili kwenye mawe yanayopitisha maji kama chujio. Penye mteremko wa kutosha utaweka kisima juu na choo chini, na utalala usingizi. Penye utambarare huna juu wala chini, na maji ya shimo yanakwenda yanakotaka. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu kwa wingi wa kutisha. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki, na mambo ya maji na uchafu wa mji yamo humo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akaleta jawabu ambalo mpaka leo naliona ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, kupita hata Beit al-Ajaib. Alivuta maji ya chemchemi ya Bububu kwa mfereji na mabomba hadi mjini. Nguvu iliyoyaleta ilikuwa mteremko mtupu. Chemchemi iko juu, mji uko chini, basi. Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 imeporomoka upande mmoja mwezi Disemba 2020, na dunia nzima ilisikitika. Mfereji wa Barghash ni wachache wanaoutaja.

Tuvuke Ng'ambo sasa, kwa sababu huko ndiko familia nyingi za Unguja zilikojenga, na huko ndiko mteremko ulikuwa jambo la kila siku.

Nyumba ya Ng'ambo sote tunaijua. Miti, fito, udongo, makuti, baadaye mabati. Baraza mbele. Mlango katikati. Ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma, vyumba kulia na kushoto. Nyuma uani, na uani ndiko jiko, kisima akijaaliwa mtu, na choo pembeni kabisa. Ukiichora kwenye karatasi ni rahisi mtoto wa darasa la nne ataimaliza. Lakini weka karatasi hiyo juu ya kiwanja chenye mwinamo uone kazi.

Kiwanja kikiinamia nyuma, umebahatika. Mbele kavu, ukumbi mkavu, uani inamwaga kwa nyuma, choo kinakaa chini kabisa. Tatizo lako ni moja: nyuma yako yuko mtu, na mbele yake ndiyo nyuma yako. Kiwanja kikiinamia mbele, ukumbi wako ni mfereji. Maji ya uani yanatafuta njia fupi kwenda barabarani, na njia fupi kuliko zote ni ile uliyoijenga mwenyewe, imenyooka, mlango kwa mlango. Hapo fundi wa zamani alifanya mawili. Aliinua sakafu ya nyumba kwa udongo alioukata uani, ikawa nyumba iko juu ya tuta lake yenyewe. Na alimwachia maji kichochoro cha ubavuni. Vichochoro vya Ng'ambo, vile ambavyo wakubwa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakivilaumu kwamba havina mpango, vingi ni njia za maji kabla ya kuwa njia za watu. Nikiangalia picha za kale za angani, mitaa iliyopinda ndiyo inayonieleza ardhi vizuri kuliko mitaa iliyonyooka.

Kiwanja kikiinama ubavuni, kulia kwenda kushoto, ndiyo kazi ngumu. Paa lazima likae sawa, kwa hiyo ukuta mmoja utakuwa mfupi na mwengine mrefu. Kwenye upande mrefu mtu hupata nafasi ya ziada chini ya upenu, akaweka kuni, akafuga kuku, mwisho akampangisha mtu.

Halafu iko kibla. Makka kwetu iko karibu kaskazini kamili. Choo hakielekei kibla wala hakikipi kibla mgongo. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki kuanzia Disemba, kusi inatoka kusini, na jiko lisilopangwa vizuri litaivukiza nyumba nzima moshi kwa miezi. Basi mwenye kiwanja anakuwa na mistari mitatu mkononi: wa maji, wa upepo, na wa sala. Haikubali mistari hii kukutana kila mara. Ikigongana, sala haibadiliki, upepo hubadilika kwa msimu, kwa hiyo linalobaki la kuhangaika nalo ni maji. Wazee walilijua hilo bila kulisomea chuo kikuu.

Swali la haki ni hili: kwa nini basi hawakuzikata ardhi zao wakajenga matuta ya mawe, ngazi, kuta za kuzuia udongo, kama watu wa nchi za milima? Jibu si ujinga, wala si umaskini peke yake. Jibu ni kwamba nyumba ilikuwa yako na ardhi ilikuwa ya mwenzako. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ilikuwa mali ya matajiri wa Mji, au wakfu, na mwenye nyumba alilipa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi hiyo; Laura Fair ameusimulia mgomo huo vizuri katika kitabu chake *Pastimes and Politics*. Sasa fikiria uko katika hali hiyo. Utatumia pesa yako kujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo wa bwana mwengine, ili kesho akupandishie kodi kwa sababu kiwanja chake kimekuwa kizuri? Utajenga kwa udongo, utaliinua tuta lako kwa jembe, na ukifukuzwa utachukua boriti zako na mlango wako uende nao. Wepesi wa nyumba ya Ng'ambo ni hesabu ya mtu asiye na hati.

Waliokuwa na ardhi walichagua vingine. Kule mashamba ya karafuu, nyumba ya bwana ilikaa juu ya kilima na nyumba za watumwa zilikaa chini. Hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850, Sayyid Said aliijenga juu, penye upepo na mandhari. Mwinyi Mkuu naye Dunga alijenga kwenye mwinuko. Hao hawakuwa na shida ya kuuliza maji yatapita wapi, maana yalipita kwa wengine.

Waingereza walikuja na mipango. Lanchester alichapisha wake mwaka 1923, Kendall mwaka 1958. Mipango hii ina uzuri wake wa michoro, na mingi haikutekelezwa. Sitakaa hapo.

Kilichotekelezwa ni mpango wa Mapinduzi. Baada ya Januari 1964 ardhi ikawa ya serikali, na Mzee Karume akataka kila Mzanzibari akae nyumba ya kisasa. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitambua nje ya kambi ya kisoshalisti, ikaleta wataalamu na vifaa. Zikajengwa fleti Kikwajuni na Kilimani, kisha yakaja majumba ya Michenzani, marefu kama treni, yaliyoendelea kujengwa baada ya Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972. Nyumba za udongo zilivunjwa kuyapisha.

Ni rahisi kuyacheka majumba ya Michenzani, na wengi waliosoma nje huyacheka. Mimi sioni cha kucheka. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya ardhi kwa ajili ya kiwanja kinachojaa maji alipewa sakafu ya zege, umeme na choo ndani. Ile ilikuwa heshima, na waliopewa waliijua hivyo. Ninachokilaumu ni kwamba mchoro ule ulichukulia ardhi kuwa meza. Jumba likinyooka mamia ya mita haliwezi kufuata mwinamo. Lazima mwinamo ulifuate jumba. Na nyumba haikuwa na uani. Jiko liliingia ndani, na kuku, kinu, kuni, maiti wa kuoshwa, harusi ya wanawake, vyote vikatafuta pa kwenda. Halafu maji, yale yale ya Barghash yaliyokuwa yakishuka kwa hiari yake, yakatakiwa yapande ghorofa ya tano. Hayakupanda. Wanawake waliyapandisha kwa ndoo. Mteremko ambao Lamu uliufanya adabu na Ng'ambo uliufanya tuta, hapa ukawa ngazi ya zege na mama mwenye ndoo kichwani.

Lakini nenda ukaangalie chini ya majumba hayo leo. Watu wamejenga baraza. Hazimo katika mchoro wowote wa Berlin. Kuna meza za kahawa, vibanda, viti vya zege, maua kwenye makopo. Uani imehamia mbele.

Ng'ambo ya leo si ile ya Michenzani tena. Mji umetambaa hadi Fuoni, Tomondo, Kisauni, Mwanakwerekwe na kupita. Na hapa ndipo penye jambo linaloniuma. Mwanakwerekwe kuna ziwa. Kila mtu anajua kuna ziwa. Barabara ya hapo imekuwa ikifunikwa na maji miaka nenda miaka rudi. Kibonde Mzungu ni kibonde, kama kinavyojiita. Mabonde haya yalikuwa ya mpunga na mboga, na wazee hawakulala humo. Sisi tumelala humo. Sebleni na mitaa jirani imeingia maji mara kwa mara, mpaka ikajengwa mitaro mikubwa kwa fedha za Benki ya Dunia chini ya ule mradi wa huduma za miji, ZUSP. Mitaro imesaidia. Lakini mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilirudi Unguja, na mvua, visima na mashimo ya vyoo yalikuwa yale yale aliyoyaona Christie.

Na hata mtu asiyejenga bondeni anajenga vibaya. Siku hizi mwenye kiwanja chenye mteremko hufanya jambo moja tu: analeta magari ya kifusi. Anajaza upande wa chini hadi ulingane na upande wa juu, anamwaga jamvi la zege, anazungusha ukuta wa tofali, anasakafia uani yote kwa vigae mpaka pasibaki shubiri ya udongo wa kunywa maji, na anaacha tundu la bomba ukutani. Tundu linamwelekea jirani. Jirani naye, kwa kujilinda, analeta kifusi kikubwa zaidi. Mtaa mzima unapanda mashindano, na wa mwisho kupanda ni yule asiye na pesa ya kifusi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza pale. Sasa anashuka ngazi kuingia kwake, kama mtu anayeingia kisimani.

Tulipopata kiwanja chetu cha urithi, upande wa Kilimahewa, sisi ndugu wanne tulikaa na karatasi. Kiwanja kinainamia nyuma na kidogo ubavuni. Fundi alivuta mpira wa maji kutoka pembe hadi pembe, tofauti ikawa kiasi cha mita moja na nusu. Kaka mkubwa alitaka kifusi. Kila jirani kafanya hivyo, alisema, na nyumba itaonekana vizuri kutoka njiani. Fundi hakusema kitu. Yeye kifusi ni kazi zaidi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya viazi.

"Baba," alimwambia fundi, "haya maji ya masika yatapita wapi?"

"Yatatoka kwa nyuma, bi mkubwa. Tutaweka bomba."

"Nyuma kuna nini?"

Nyuma kuna nyumba ya mabati ya bibi mmoja anayeuza maandazi.

"Basi mimi sitaki kusikia mtu kaingia maji kwa sababu yangu," alisema. "Kateni huko juu, msijaze huku chini."

Ilichukua wiki mbili za ubishi. Mwisho nyumba ilikatwa vipande viwili. Mbele, upande wa juu, baraza, ukumbi na vyumba vya kulala. Ngazi tatu kushuka, kisha sebule ndogo na jiko, yaani kinyume kabisa cha Lamu, kwetu unashuka kuingia ndani. Uani imeachwa udongo, na migomba imepandwa upande wa bibi wa maandazi, iyanywe maji kabla hayajafika kwake. Maji ya paa yanaingia kwenye tangi. Karo imekaa pembe ya chini, mbali na kisima kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kusema kweli hakiruhusu sana. Choo kimegeuzwa mara mbili kwenye mchoro kwa ajili ya kibla. Kaka bado anasema nyumba haionekani kutoka njiani, na ni kweli: ukipita unaona baraza na bati tu.